Alfani na Saa za Watu

Kaka yangu Alfani tulimzika Jumatano baada ya Alasiri, hapa hapa Lindi, karibu na mama yetu. Kabla jeneza halijainuliwa, kaka yetu mkubwa, Saad, alisimama mbele ya watu akasema yanayosemwa kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, au aliyemwachia amana yake, aje kwetu tulio hai, asimwache marehemu aende nayo. Sisi wanawake tulikuwa ndani. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia kila neno. Mimi sikuyatia maanani. Nilikuwa nimeishi na Alfani tangu nilipoachika, na nilijua hana deni hata la kibiriti.

Nilichosahau ni saa.

Alfani alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye baraza la duka la Mzee Gulamhussein, nyuma ya kimeza chenye kioo, lenzi nyeusi imebanwa kwenye jicho la kulia. Mzee Gulamhussein hakuwahi kumtoza kodi. Alichotaka ni saa ya ukutani ya dukani isikosee, basi. Saa za mkono, zile za kutia ufunguo, zilimjia kutoka Mchinga, Kitomanga, Kiranjeranje, hata Likawage, ambako mtu alimpa dereva wa lori saa yake ikafika baada ya wiki mbili imefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Kila saa aliifunga kikaratasi kwa uzi: jina la mwenyewe, anakotoka, ugonjwa wa saa na tarehe. Namba ya simu hakuandika, kwa sababu alipoanza kazi watu hawakuwa na simu, na walipozipata hakubadili utaratibu wake.

Simu hizo hizo ndizo zilizommalizia kazi. Mtu akishazoea kutazama saa kwenye simu, ile iliyoko kwa fundi anaisahau, kisha anaona haya kuifuata baada ya miaka miwili, kisha anakufa. Droo za Alfani zilijaa saa zilizokwisha kutengenezwa na zisizotengenezeka, zote na vikaratasi vyake. Kila baada ya Idi alizitoa, akazifuta vumbi, akazirudisha.

Rukhsar ndiye aliyemletea kazi nyingine. Ni mjukuu wa Mzee Gulamhussein, binti wa Mehdi ambaye ndiye mwenye duka siku hizi, na kazi yake ni kupaka maharusi hina. Mwaka 2019 alitoka dukani na simu mkononi akamwonesha Alfani picha za madaftari yenye majalada ya ngozi. Juu ya ngozi palikuwa na magurudumu ya saa, funguo kuukuu, nyaya za shaba na vichwa vya misumari, yote yamepakwa rangi ya kutu na dhahabu, mpaka daftari likafanana na kipande cha mashine ya zamani ya mvuke.

"Mtindo huu unaitwa stimpanki, Mzee Alfani," alimwambia. "Watu wananunua."

Mimi nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana, nimesimama hapo. Alfani aliitazama simu muda mrefu.

"Yaani wamechukua takataka za mezani kwangu wakazigandisha kwenye daftari."

"Ndiyo."

"Na gurudumu hili halisukumi hili jingine?"

"Halisukumi kitu, mzee. Ni pambo tu."

"Fundi gani huyu," alisema Alfani. "Meno hayajakutana."

Jambo hilo lilimkera wiki nzima. Kila akila aliweka kijiko, akasema, hivi mtu anaweka gurudumu la meno, halafu meno hayakutani. Mwishowe akaniuliza kama cherehani yangu inaweza kupita kwenye ngozi.

Ngozi tuliipata kwenye majaketi ya mtumba. Lindi hakuna anayevaa jaketi la ngozi, kwa hiyo wauzaji huyatupa chini kabisa ya marobota na kuyatoa kwa bei ya kitambaa cha kufutia. Nilikata mgongo wa jaketi, kwa sababu mikono na mabega huwa yamechakaa. Karatasi nilizichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea, nikazianika kwenye kamba kama nguo za mtoto. Zikishakauka nilizikunja, nikazipiga pasi, nikazishona kwa shazia na uzi uliopitishwa kwenye nta. Cherehani haikupita, ilivunja sindano tatu.

Jalada lilikuwa la Alfani. Alikata bati jembamba, akalipigilia juu ya ngozi, na juu ya bati akasimamisha pini ndogo ndogo. Kwenye pini ndipo alipovika magurudumu, meno kwa meno. Ukilisukuma moja kwa kidole, mengine mawili matatu yalizunguka nalo. Pembeni alizungusha waya wa shaba uliotoka kwenye mota za feni zilizoungua, akaupinda kama bomba za mashine. Uso wa saa aliugandisha katikati kwa gundi ya mirija miwili. Halafu rangi ya dhahabu juu ya vyote isipokuwa ngozi, na ikishakauka, dawa ya viatu ya kahawia, akiisugua kwa kidole na kuifuta, ibaki kwenye mifereji tu, ili ionekane imekaa miaka mia. Daftari moja lilimchukua siku tano. Wageni waliokwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani waliyanunua Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya wageni ya rafiki yake Rukhsar, na mtu mmoja alirudi mwaka uliofuata akitaka mengine sita. Alfani alimwambia asubiri mwezi.

Sasa, magurudumu hayo yalitoka wapi. Hapo ndipo penye habari yangu.

Alfani hakuwa mtu wa kugusa cha mwenzake. Kabla hajafungua hata saa moja alikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu kumuuliza. Sheikh alimwambia atangaze mwaka mzima. Mwenyewe asipotokea, anaweza kuitumia, lakini akitokea siku yoyote, hata baada ya miaka, ni haki yake, na lazima arudishiwe au aridhishwe. Alfani aliona mwaka hautoshi. Akajiwekea miaka saba tangu saa ilipoletwa. Na zilizotimiza saba aliniomba nimwandikie orodha yake, kwa sababu nilisoma hadi kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika majina na vijiji, nakala nane. Alikodi bodaboda akazipeleka mwenyewe misikitini, Lindi, Mchinga, Kitomanga mpaka Kiranjeranje, akaomba zisomwe Ijumaa tatu mfululizo baada ya swala. Watu wanne walikuja kuchukua saa zao. Zilizobaki alianza kuzifungua moja moja. Kikaratasi cha kila saa aliyoifungua alikichoma kwenye waya uliokuwa ukutani chumbani kwake, na nyuma yake aliandika kwa penseli vipande vyake vimekwenda kwenye daftari la nani. Alisema mwenyewe akija, angalau ajue pa kuanzia kutafuta.

Presha ilimchukua kwa siku mbili. Mkewe Shamimu alikuwa ametangulia, na hawakujaaliwa mtoto. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Siku ya tatu tulisoma hitma. Watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, jirani yetu Tekla, anayeuza mikate nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja jikoni akiwa na mama yake. Mama yake anaitwa Brigita, ni wa Kitomanga, na alikuwa amekuja kumwangalia mjukuu. Ni Wakatoliki, lakini msiba walikaa nasi siku zote tatu, na Tekla alileta mikate bila kuulizwa.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Nilingoja mmalize dua zenu." Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakunja khanga magotini. "Juzi kaka yako mkubwa alisema mwenye kitu chake aje."

"Alisema."

"Basi nimekuja. Marehemu ana saa ya mume wangu."

Nilimuuliza jina la mumewe, akasema Romani. Nilikwenda chumbani kwa Alfani nikaushusha waya. Kilikuwepo. *Romani, Kitomanga. Inachelewa. Machi 2012.* Nilikigeuza. Nyuma kwa penseli: *Rukhsar. Uso, magurudumu matano.*

Nilirudi jikoni na kile kikaratasi, nikamweleza mama Brigita ukweli kwamba saa ilifunguliwa, kwamba uso wake uko kwenye daftari la binti wa dukani. Alinisikiliza bila kubadilika.

"Kwa nini alifungua saa ya mtu?"

"Alingoja miaka saba, mama. Halafu tukatangaza."

"Mlitangaza wapi?"

"Misikiti yote. Hapa, Mchinga, Kitomanga..."

"Kitomanga mlitangaza?"

"Ijumaa tatu."

"Mimi Ijumaa huwa shamba," alisema.

Tekla alijifunika mdomo kwa khanga. Mimi nilibaki na kikaratasi mkononi. Jina la Romani nililiandika kwa mkono wangu, nakala nane. Niliandika na majina mengine ya aina hiyo hiyo, ya watu ambao sote tunajua Jumapili wanakwenda wapi, na mkono wangu haukusita hata mara moja. Wala wa Alfani haukusita kuzipokea. Tuliona kwamba tukishawaambia misikiti tumewaambia watu.

"Romani ndiye aliyekuwa anapiga kengele ya kanisa," alisema mama Brigita. "Ile rimu ya lori iliyoning'inizwa. Alikuwa anatazama saa hiyo, ndipo anapiga. Ilipoanza kuchelewa, Kitomanga nzima tulisali kwa kuchelewa, padri akasema, Romani, ipeleke Lindi. Akaipeleka. Mwaka uliofuata akafa. Mngeuliza kanisani mara moja tu, mtoto wa miaka kumi angewaambia saa hii ya nani."

Saad aliingia wakati huo akatukuta. Nilimweleza. Alitoka, akarudi na droo nzima ya saa, akaiweka sakafuni mbele ya mama wa watu.

"Mama yangu, chagua. Iliyo nzuri kuliko zote, chukua."

Mama Brigita aliziangalia. "Hii ya nani?"

Saad alisoma kikaratasi. "Ya Dominick. Wa Kitomanga pia."

"Nikichukua ya Dominick, Dominick akija utampa ya nani?"

"Basi twende dukani kwa Mehdi nikununulie mpya."

"Baba, saa ngapi najua. Hata jogoo ninaye." Alisimama, akajishikilia kwa Tekla. "Sijaja kugombana msibani. Nimekuja kwa sababu mliita."

Nilimfuata mpaka uani nikamwomba amsamehe kaka yangu. Sikumwomba kwa adabu ya msiba. Nilimwomba kwa sababu kaka yangu alikuwa kaburini usiku wake wa tatu, na amana ya mtu inamning'inia mpaka mwenyewe aridhike. Na mwenyewe ndiye huyu mama, mzee, anayeondoka kesho yake asubuhi. Alifikiri.

"Siwezi kusema nimesamehe wakati moyo haujui umesamehe nini," alisema. "Niletee niione. Hata kama imebaki vumbi, niletee hilo vumbi."

Kesho yake nilikwenda dukani. Watu walisema ni mapema mno kutoka, lakini mimi si mjane wa mtu, na hata ningekuwa, jambo hili lisingengoja. Rukhsar alinipa pole mara ya pili, akaniketisha ndani nyuma ya majora ya vitambaa. Daftari lenyewe lilikuwa mezani kwake. Ndani amechora mitindo yote ya hina, kurasa mia na zaidi, na kila bi harusi akija hulifungua na kuchagua.

Nilimwambia nahitaji jalada.

"Bi Salima, hilo jalada ndilo linalowaleta," alisema. "Wanalipiga picha kabla hawajaona hina. Jumamosi ijayo nina harusi, mama wa bi harusi ameshaniambia nije na kile kitabu cha mashine."

"Nitakushonea jingine kabla ya Jumamosi."

"Lenye magurudumu?"

"Magurudumu siyagusi mpaka nijue ya nani."

"Sasa stimpanki bila magurudumu itakuwa nini? Itakuwa Juzuu Amma ya madrasa."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu nikamweleza habari za mama Brigita na kengele na misikiti, na yeye hakucheka. Aliupitisha ukucha kwenye waya wa shaba.

"Mimi ndiye niliyemwonesha zile picha," alisema.

"Kaka alikuwa mtu mzima, mwanangu."

Aliinuka akaenda stoo, akatoka na feni mbovu ya mezani na cherehani ya mkono ya marehemu bibi yake, iliyoshikana kwa kutu. Aliviweka mbele yangu. "Hivi ni vyetu. Baba anajua, na hakuna mtu wa kuja kuvidai. Fungua."

Kwa hiyo jalada la kwanza nililopamba peke yangu lilikuwa hilo. Nilishindwa na meno. Magurudumu ya cherehani ni manene, na kila nilipoyasimamisha kwenye pini, moja lilikaa juu ya jingine. Nilimwelewa kaka yangu kwa nini daftari moja lilikuwa siku tano, na kwa nini alikuwa hajibu nikimwita. Mwisho niliyagandisha tu, yasizunguke, kama yale ya kwenye picha, nikapinda waya wa feni kandokando na kupaka dhahabu na dawa ya viatu. Angeliona angesema fundi gani huyu. Rukhsar alilipokea Ijumaa jioni akasema zuri. Nililifungua daftari la zamani kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nikazihamisha kurasa zake za hina kwenye jalada jipya bila kuchana hata moja.

Jumamosi nilikwenda Kitomanga na jalada la Alfani ndani ya upande wa khanga. Saad alinisindikiza mpaka kituoni.

"Akikuuliza gurudumu lipi ni la mumewe, mwoneshe kubwa," aliniambia. "Yeye atajuaje."

Nilipanda gari, na njia nzima nilikuwa nalifikiria hilo kubwa.

Mama Brigita alikuwa anaanika mihogo. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanipa maji, akaniuliza hali ya Tekla kana kwamba hakuachana naye juma moja tu nyuma. Ndipo nilipofungua khanga. Alilichukua jalada akalielekeza kwenye mwanga. Dhahabu, kutu ya dawa ya viatu, mabomba ya waya. Alisukuma gurudumu moja kwa kidole, na mengine yakazunguka.

"Lipi la Romani?"

Kidole changu kilikuwa kimeshaanza kunyooka kuelekea kubwa. Nilikirudisha.

"Sijui, mama. Yake ni matano. Mengine ni ya saa nyingine. Aliyejua ni Alfani."

"Hata ningejua, Romani mwenyewe hakuwahi kuyaona haya. Sisi tuliijua kwa nje." Aligusa katikati, ule uso wa duara uliofunikwa rangi. "Na hapa?"

"Huo uso ni wake. Hilo liliandikwa."

"Mbona hauna namba?"

Nilimweleza kwamba rangi imezifunika, na kwamba nimekuja na spiriti na pamba, lakini rangi ikitoka huenda ikatoka na namba zake, kwa sababu sijui ipi ina nguvu kuliko nyenzake. Nikamwambia uamuzi ni wake: abaki na uso uliofunikwa, au nijaribu. Alivuta mkeka karibu.

"Futa."

Nilianza juu. Dawa ya viatu ilitoka kwanza, kahawia, kisha dhahabu ikaanza kulainika. Nikasugua kidogo tu zaidi, na kumi na mbili ikaja yote kwenye pamba. Nilisimama. Pale ilipokuwa pamebaki bati tupu, jeupe.

"Imeondoka," nilisema. Niliiweka pamba chini.

Mama Brigita aliinama akaangalia. "Na moja?"

"Moja imebaki nusu."

"Nenda chini. Chini ya sita palikuwa na doa. Alivuka mto mvua za mwaka fulani, maji yakaingia, likabaki doa la kijani kama jani la mchicha. Kama lipo, ni yenyewe. Kama halipo, basi kakako aliandika vibaya."

Hilo sikuwa nimelifikiria, kwamba Alfani angeweza kuwa amekosea na kikaratasi. Nilibadili pamba. Safari hii sikusugua. Niliilowesha nikaiweka juu ya sita, nikahesabu mpaka thelathini, nikainyanyua taratibu. Rangi ilitoka na pamba kama ngozi ya maziwa. Sita ilikuwepo. Chini yake palikuwa na doa, dogo kuliko nilivyodhani, kijani kilichofifia.

Mama Brigita aliweka kidole juu yake. Alikaa hivyo. Kuku walikuja kwenye mihogo na hakuwafukuza, nikainuka mimi nikawafukuza, na niliporudi alikuwa bado vile vile.

"Kakako alimtafuta Romani?" aliuliza baadaye.

"Alimtafuta. Alikodi bodaboda mpaka hapa Kitomanga."

"Akamtafuta msikitini."

"Ndiyo, mama."

Alianza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Romani," alisema. "Romani, wanakuita msikitini." Alicheka tena, halafu hakuwa anacheka. Nami nililia hapo, kwa sababu tangu Alfani afe nilikuwa napokea watu na kupika na sikuwa nimepata nafasi.

Tulipotulia aliniuliza, "Sisi tunasema nimemsamehe, imekwisha. Nyinyi mnasemaje?"

"Tunasema duniani na akhera."

"Basi nimemsamehe Alfani, duniani na akhera." Alilisema taratibu, kama mtu anayetia sahihi. "Na wewe pia, uliyeandika." Halafu akalifunga jalada kwenye khanga yangu, si yake, akaniambia khanga nitaipata siku nyingine. Hakunirudishia jalada wala mimi sikuliomba.

Nilikuwa navaa viatu aliponiuliza: "Na hao wengine? Dominick na wenzake?"

Nikamwambia bado wako kwenye droo.

"Dominick ni katekista wetu. Anasoma matangazo kila Jumapili, mpaka ya mbuzi waliopotea. Lete saa."

Nyumbani nilizipanga upya saa zote mezani kwa Alfani, majina ya kwetu upande mmoja, ya kwao upande wa pili. Za kwao zilikuwa kumi na saba nzima. Zilizofunguliwa, kwa vikaratasi vya kwenye waya, zilikuwa tano, pamoja na ya Romani. Niliandika orodha nyingine, na safari hii kila jina nililisoma kwa sauti kabla ya kuliandika.

"Utaingia kanisani?" Saad aliuliza.

"Nitakaa nje kwenye kivuli. Saa ndizo zina kazi nao."

Alifikiri, kisha akasema atakuja kubeba sanduku.

Jumapili ya pili yake tulikuwa hapo, mimi na Saad, kwenye ngazi za kanisa la Kitomanga, sanduku katikati yetu. Tulisikia Dominick akisoma majina ndani. Alipofika la kwake alisita, akasema, "Huyu ni mimi," na watu wakacheka. Misa ilipokwisha walitujia. Wengine walichukua za baba zao. Mwanamke mmoja, ambaye saa ya mjomba wake ilikuwa kati ya zilizofunguliwa, alinisikiliza, akasema mjomba mwenyewe aliiba hiyo saa Mtwara, niache. Saad alimwambia hata hivyo aseme amesamehe, akasema.

Wa mwisho alikuwa Mzee Likwata. Alisoma kikaratasi chake, akaitikisa saa, akaiweka sikioni. Akaitia ufunguo, akasikiliza tena.

"Haitembei."

"Ilikuja haitembei, mzee," nilimwambia. "Imeandikwa hapo. Mwaka 2010. Na marehemu aliandika kwamba springi yake haipatikani."

"Siku hizi labda inapatikana."

"Labda."

Aliivaa hivyo hivyo, akanyoosha mkono kuitazama. "Sasa Lindi nimpelekee nani?"

Nilimtazama Saad, na yeye akanitazama. Tulifikiria wote wawili, mtaa kwa mtaa, na hatukumpata mtu wa kumtajia.